Noah ya 3S inamisi asubuhi na kuzima ikipata moto: kontroli boksi isubiri

Swali linatoka kwa dada mmoja wa Kihonda, Morogoro. Ana Toyota Noah ya mwaka 1997, ile ya injini chini ya siti za mbele, injini 3S-FE ya petroli, gia za mkono. Ndiyo anayobebea vyakula vya shughuli na semina. Asubuhi sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, injini inamisi, yaani inaruka mapigo, na kutikisa gari zima mpaka ipate moto. Ikishapata moto vizuri, hasa jua likiwa kali kwenye foleni ya Msamvu au akiwa anapanda kuelekea Gairo, inazima "ghafla kama umezima ufunguo". Akipiga stata inazunguka kwa nguvu lakini haiwaki. Akisubiri robo saa au zaidi, inawaka kama haikuwa na kitu. Ameshabadilisha plagi na pampu ya mafuta, nozeli (zinazopuliza petroli) zimeoshwa, throto (mlango wa hewa ya injini) imesafishwa. Taa ya chek enjini haiwaki. Mashine ya kupimia iliunganishwa ikasema haiwezi kuwasiliana na gari, na sasa fundi anamwambia kontroli boksi (kompyuta ya injini) imekufa, atafute ya mtumba. Anamalizia hivi: "Naomba uniambie ukweli, ninunue au nisinunue? Kila nikitoa hela gari linarudi vilevile."

Dada yangu, pole sana. Gari la kazi likikuzimia huku chakula cha watu kiko nyuma, unapoteza na mteja pia. Jibu langu ni kwamba usinunue kontroli boksi kwa sasa. Sisemi kwamba hazifi, zinakufa. Ila katika yote uliyoniandikia hakuna dalili hata moja inayoelekea huko moja kwa moja, na ziko kadhaa zinazoelekea kwingine.

Naona kilichowapoteza mafundi wako ni kuchukua matatizo mawili wakayafanya moja. Kumisi asubuhi injini ikiwa baridi ni jambo lake, na kuzima ghafla ikiwa ya moto ni jambo lake. Kinachosumbua injini baridi kwa kawaida ni hewa inayoingia mahali pasipotakiwa, sensa ya joto inayodanganya, au cheche dhaifu. Kinachokata injini ya moto kwa mkupuo mmoja, kisha kikarudi chenyewe kikipoa, mara nyingi ni kifaa cha umeme ambacho waya wake wa ndani au risasi yake imepasuka, kikitanuka kwa joto kinaachia. Ukichanganya haya mawili utabadilisha vitu vya upande mmoja ukitegemea upande mwingine upone. Nitaanza na kuzima, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kukudhuru barabarani.

Ndani ya distributa ya 3S, kile kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi, kuna sensa ndogo za sumaku zinazohesabu mzunguko wa injini. Kontroli boksi isipopata ishara hiyo haijui kama injini inazunguka. Toyota walipanga kwamba ishara ya mzunguko ikipotea, kontroli boksi inaacha kufungua nozeli, inaacha kuamuru cheche, na inaachia rilei (swichi ya umeme) inayolisha pampu. Ni mpango wa usalama, ili gari likipata ajali na injini ikasimama, pampu isiendelee kumwaga petroli. Ignaita, kifaa cha elektroniki kinachoamrisha cheche, nayo ina yake: kila inapopiga cheche hurudisha taarifa kwenye kontroli boksi, na taarifa hiyo isiporudi, nozeli zinafungwa ili petroli isiyoungua isiende kuunguza katalaita (kisafisha moshi kwenye ekzosi). Yaani kitu cha umeme kikifa upande wa cheche, mafuta nayo yanakatwa kwa makusudi.

Sasa mfikirie fundi anayekuta gari lako limezima. Anafungua swichi na kutega sikio kwenye tangi, kimya. (Toyota nyingi za miaka hiyo pampu haivumi kwa kufungua swichi tu, inasubiri injini izunguke. Wengi hawalijui hili.) Anatoa plagi, anaikuta kavu. Anasema mafuta hayafiki, pampu imekufa. Inaletwa pampu mpya, inafungwa, na muda huo wote injini imekuwa ikipoa. Ukipiga stata inawaka, kila mtu anaridhika, unalipa. Siku mbili tatu baadaye uko palepale. Sikuambii hivi kumsema fundi wako. Hilo kosa gari lenyewe linamvuta mtu alifanye, na pesa nyingi za wenye Noah, Ipsum na Carina zimeteketea kwenye pampu ambazo hazikuwa na ubaya wowote.

Kwa hiyo plagi kavu kwenye injini hii haithibitishi kwamba pampu ni mbovu. Kuna mambo mawili unayoweza kuyaangalia mwenyewe ukiwa kwenye usukani bila kushika spana, na yanagawanya njia vizuri kuliko mashine yoyote.

La kwanza ni taa za dashibodi wakati injini inapozima. Taa ya oili na ya betri zikiwaka, umeme wa swichi upo, tatizo liko mbele zaidi. Dashibodi ikiwa giza tupu, au taa zikawa zinayumba, acha habari za distributa na uangalie swichi ya ufunguo yenyewe, fyuzi kubwa na vichwa vya betri. Swichi za magari ya umri huu huchakaa ndani, na rundo la funguo za nyumba na stoo linaloning'inia hapo huzimalizia.

La pili ni sindano ya RPM (mizunguko ya injini kwa dakika), kama dashibodi yako inayo. Hapa gia za mkono zinakusaidia. Gari likizima ukiwa kwenye mwendo na gia imeingia, magurudumu yanaendelea kuizungusha injini kwa muda. Sindano hiyo hupata ishara yake kutoka upande wa ignaita na koili (inayozalisha umeme mkali wa cheche). Ikidondoka sifuri papo hapo huku gari bado linakimbia, cheche ndiyo iliyokatika. Ikishuka taratibu pamoja na mwendo wa gari, cheche bado ipo, kilichokatika ni mafuta. Ukiwa umesimama, mtu apige stata wewe uitazame: ikitikisika kidogo juu ya sifuri, ishara ipo. Ikilala kabisa bila kusogea, nenda kwenye distributa, ignaita na koili kabla ya kugusa kingine chochote.

Barua yako inasema inazima "ghafla kama umezima ufunguo". Gari linaloishiwa mafuta kwa kawaida haliendi hivyo. Linavuta, linasita, linakohoa, unakanyaga mafuta halijibu, ndipo linazima. Hilo neno lako moja ndilo lililonifanya niegemee upande wa umeme.

Kinachofuata kinahitaji fundi umeme wa magari mwenye subira, na gari lipimwe likiwa limezima. Kulipeleka gereji likiwa linanguruma vizuri ni kazi bure, hakuna atakachokiona. Njia ninayoipenda ni kulizimisha kwa makusudi palepale gereji. Injini iwake, ipate moto, siti zifungwe zikae kama kawaida, maana kwenye Noah hii joto lote la injini limefungiwa chini ya siti na vifaa vya umeme vinapikwa humo. Ikikataa kuzima yenyewe, fungua siti na mtumie draya ya nywele, hata ya kuazima saluni, kupasha moto kifaa kimoja baada ya kingine huku injini inanguruma: distributa dakika chache, kisha ignaita, kisha koili, kisha rilei. Kwenye baadhi ya distributa za 3S koili imo humohumo ndani, kwenye nyingine imekaa pembeni. Kifaa kitakachoizima injini kikipata joto, na ikakubali kuwaka baada ya kukipoza kwa kitambaa chenye unyevu kilichokamuliwa vizuri, hicho ndicho mgonjwa wako. Hakuna ubishi tena.

Likizima, fundi asikimbilie kufungua. Apime cheche kwanza kwa kifaa cha kupimia cheche kinachounganishwa kwenye waya wa plagi, au plagi ya akiba iliyobanwa vizuri kwenye chuma cha injini, mbali na petroli. Waya usishikwe kwa mkono, umeme wa hapo ni mkali. Kisha apime mafuta. Kwenye kiboksi cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS kuna tundu la +B na la FP. Ukiyaunganisha kwa waya mfupi na swichi ikiwa imefunguliwa, pampu inafanya kazi moja kwa moja bila kusubiri ruhusa ya kontroli boksi. Pampu ikivuma hapo, pampu na nyaya zake ni nzima, kilichokosekana ni amri. Basi umeshaiondoa pampu kwenye orodha kwa waya wa shilingi chache.

Kiboksi hichohicho ndicho kitakachokupa kumbukumbu za makosa. Ile mashine iliyosema haiwezi kuwasiliana na gari haikukuambia kwamba kontroli boksi imekufa. Magari ya soko la Japani ya miaka hiyo hayakutengenezwa kuzungumza na vipimo vya kawaida vya OBD2 ambavyo gereji nyingi zinavyo leo. Kosa lao linasomwa kwa taa. Zima injini, unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa waya mfupi, fungua swichi bila kuwasha, uitazame taa ya chek enjini. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, mara mbili kwa sekunde, hakuna kosa lililohifadhiwa. Kukiwa na kosa itapepesa kwa mafungu: mpepeso mmoja, kituo, kisha miwili, hiyo ni 12. Kosa la 12 na 13 ni ishara ya mzunguko kutoka distributa. 14 ni ignaita. 22 ni sensa ya joto la maji, 24 ni ya joto la hewa, 31 ni sensa ya vakyumu, 41 ni sensa ya throto. Hakikisheni matundu ni hayo hasa kabla ya kuingiza waya, usigusishe +B na E1 kwa bahati mbaya.

Ila kwanza angalia jambo moja. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, taa ya chek enjini inawaka? Inatakiwa iwake, kisha izime injini ikinguruma. Kama haiwaki kabisa, basi ulichoniandikia kwamba taa haiwaki si ushahidi wa chochote. Balbu imeungua, au kuna mtu aliitoa ili gari liuzike. Irudisheni kwanza. Na makosa yasomwe kabla ya mtu kuchomoa betri au fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli kwa umeme), kwa sababu ukichomoa hivyo kumbukumbu inafutika. Mafundi wengi huanza na kuchomoa betri, ndiyo maana hawaoni kosa lolote.

Kama itaonekana ni sensa za distributa, zipimwe ukinzani wa umeme kwa mita zikiwa baridi na zikiwa za moto. Namba hutofautiana kwa aina ya distributa, na kinachotafutwa hasa ni kama waya unakatika kabisa ukipata joto. Distributa ya mtumba inapatikana Gerezani na Shaurimoyo pale Dar es Salaam, lakini soketi yake ifanane na yako kwa idadi ya nyaya, na baada ya kuifunga taimingi ipimwe kwa taa ya taimingi, TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa, ikae nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika kilele. Kuikadiria kwa sikio ni kujitafutia tatizo la tatu.

Rilei mbili msizisahau, ya EFI na ile ya pampu. Risasi za ndani hupasuka kwa mtikisiko na joto, nyufa nyembamba kama unywele zinazozunguka mguu wa shaba. Injini ikinguruma, gonga rilei kwa mpini wa bisibisi. Ikisita au kuzima, umeipata. Na nyaya za ethi (za kurudisha umeme kwenye chuma cha gari) za kontroli boksi hufungwa kwa bolti kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Baada ya miaka mingi na mikono mingi, bolti hiyo huachwa imelegea au ina kutu. Ifunguliwe, isuguliwe ing'ae, ikazwe. Ni kazi ndogo, na nimeona magari yakipona kwa hilo tu.

Sasa la asubuhi. Hapa unisikilize vizuri maana ndipo pesa ndogo inapofanya kazi kubwa.

3S yako haina kifaa cha kupima hewa inayopita, ina sensa ya vakyumu inayosoma mgandamizo ndani ya manifoldi kupitia mpira mwembamba. Kwenye gari lenye kipima hewa, mpira ukipasuka na kuvuta upepo, injini inakosa mafuta na kudhoofika. Kwenye yako ni kinyume. Upepo wa wizi ukiingia, mgandamizo unapanda, sensa inadhani umekanyaga mafuta, kontroli boksi inaongeza petroli na mzunguko unapanda. Ukipanda kupita kiasi huku throto imefungwa, kontroli boksi inakata mafuta, mzunguko unaanguka, inayarudisha, unapanda tena. Huo ndio mlio wa kupanda na kushuka unaousikia asubuhi.

Tafuteni upepo huo kwa utaratibu. Injini ikinguruma, fundi abane mipira ya vakyumu mmoja mmoja kwa koleo lenye midomo laini. Mpira ambao ukibanwa sailensa inatulia, huo au kifaa kilicho mwishoni mwake ndicho kinachovuta. Asisahau mpira mkubwa wa buta la breki (kile kifaa kinacholainisha pedali). Kwenye gasketi ya manifoldi na vitako vya nozeli anyunyizie maji kidogo asikilize. Baadhi hunyunyizia dawa ya kabureta, na kweli inaonyesha haraka, lakini injini hii iko ndani ya chumba cha abiria na waya za plagi za zamani hutoa cheche pembeni. Mimi sikubali dawa hiyo itumike humo injini ikiwa inawaka. Ule mpira mwembamba wa sensa ya vakyumu uukague wenyewe kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukichomoka au kupasuka, injini itavuta petroli nyingi, itatoa moshi mweusi na kuzima.

Ukiacha upepo, kuna vali ya sailensa, ile inayopitisha hewa pembeni ya throto. Umesema throto imesafishwa. Muulize fundi kama aliitoa vali hiyo na kuisafisha ndani. Wengi hupuliza dawa kwenye mdomo wa throto na kufuta sahani tu, vali inabaki na masizi, imekwama. Asubuhi inatakiwa ifunguke kutoa mzunguko wa juu kidogo kwa injini baridi, ukiwasha AC inatakiwa iongeze. Ikikwama, sailensa inaanguka na gari linazimazima.

Na kama aliyekutangulia aliizungusha skrubu ya kusimamishia sahani ya throto ili kupandisha sailensa, hapo pana kazi. Sensa ya throto ina swichi ndani inayoiambia kontroli boksi kwamba mguu hauko kwenye mafuta. Sahani ikishikiliwa wazi, swichi hiyo haifungi, na kontroli boksi haijui kama gari limesimama kwenye sailensa. Huwezi kupata sailensa nzuri hapo hata ubadilishe vitu vyote. Skrubu hiyo irudishwe, sensa ipangwe upya.

Sensa ya joto la maji ipimwe. Kontroli boksi huitegemea kujua iongeze petroli kiasi gani asubuhi. Kwenye nyuzi 20 za joto inatakiwa isome kilo-ohm 2 hadi 3, kwenye nyuzi 80 isome kati ya 0.2 na 0.4. Ziko sensa mbili zinazofanana. Yenye waya mmoja ni ya geji ya dashibodi, yenye waya mbili ndiyo ya kontroli boksi. Inayobadilishwa kwa makosa mara nyingi ni ile ya waya mmoja. Tena uliza kama thamostati ipo, ile vali inayozuia maji ya injini kwenda rejeta mpaka yapate moto. Kutoa thamostati imekuwa desturi kwetu, eti gari lisichemke. Injini isiyo na thamostati inachelewa sana kupata moto, kontroli boksi inadhani ni asubuhi muda wote, inamwaga petroli, plagi zinajaa masizi na kumisi kunarudi hata uweke plagi mpya kila mwezi. Kama yako imetolewa, irudishe. Gari likichemka ikiwa na thamostati nzima, ugonjwa uko kwenye rejeta, feni au pampu ya maji, na huo utibiwe wenyewe.

Kumisi kwenyewe, ile injini kuruka pigo moja, kutafutwe kwa kuchomoa soketi ya nozeli moja moja injini ikinguruma. Silinda ambayo ukichomoa haileti tofauti, hiyo ndiyo haifanyi kazi. Kisha vuta waya wa plagi ya silinda hiyo utazame kifuko chake. Kwenye 3S plagi zimekaa ndani ya mashimo marefu, na gasketi za mfuniko wa valvu zikichoka oili inashuka humo. Kifuko kitatoka kinateleza, mpira umevimba na kulainika, na ukimulika tochi shimoni utaona oili imeizunguka plagi. Plagi mpya zikiwekwa kwenye mashimo yenye oili, na waya zilezile za zamani, hazidumu. Badilisheni gasketi za mfuniko na za mashimo, kaushia shimo, weka waya mpya, plagi ziwe na pengo la milimita 1.1. Usiku pia fungua siti gizani injini ikiwa inanguruma. Ukiona vicheche vya buluu vinacheza juu ya waya au mfuniko wa distributa, vimekwisha.

Silinda ikiwa na cheche nzuri na nozeli nzima lakini bado imelala, pimeni kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Silinda zote nne zikaribiane, tofauti isizidi psi 14 au hivi. Belti ya taimingi ikiwa imeruka jino zote zitasoma chini, na kama hujui ilibadilishwa lini, ibadilishe tu. Kilomita 100,000 ndio mwisho wake.

Upande wa mafuta siuachi kabisa, maana pampu mpya inaweza kuwa dhaifu tangu dukani. Lipimwe presha kwa geji: mpira wa vakyumu wa regyuleta (kidhibiti presha ya petroli) ukiwa umetolewa, isome kati ya psi 38 na 44, ukirudishwa kwenye sailensa ishuke kwenye 30 hadi 37. Ukizima injini, baada ya dakika 5 ibaki angalau psi 21. Mpira huo wa regyuleta ukiuchomoa ukatoa harufu au tone la petroli, regyuleta imepasuka ndani. Hiyo nayo hufanya gari lisumbue kuwaka likiwa la moto, ila litawaka kwa shida na moshi, halitakuwa limekufa kabisa kama lako. Chujio la mafuta libadilishwe kama hukumbuki lilibadilishwa lini. Na usiendeshe ukiwa kwenye taa nyekundu ya mafuta kila siku, pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe. Jaza kwenye kituo unachokiamini. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huimisisha injini yoyote hata iwe mpya.

Mpaka gari lipone, safari ya Gairo usiku usiende nalo. Likizima kwenye mwendo, breki bado zina akiba ya vakyumu ya kukanyaga mara chache, kwa hiyo kanyaga mara moja kwa nguvu na usiachie achie. Usukani utakuwa mzito. Usizungushe ufunguo mpaka mwisho upande wa kuzimia wala kuuchomoa, usukani utajifunga. Toka barabarani, weka pembetatu mbali nyuma, kisha ndipo uangalie zile taa na ile sindano.

Kontroli boksi nitaishuku siku ambayo distributa inatoa ishara injini ikiwa ya moto, ignaita na koili ni nzima, ethi ni safi, umeme unaingia kwenye boksi volti 12 bila kuyumba, na bado boksi haitoi amri kwa nozeli wala kwa ignaita. Ikifika hapo, ifunguliwe kwanza na fundi wa elektroniki atazame kapasita, zile za miaka hiyo huvuja na kula njia za shaba, na mara nyingine hutengenezeka. Ikishindikana ndipo utafute ya mtumba, ukiwa na picha ya lebo ya boksi lako mkononi. Namba inayoanza na 89661 ifanane yote mpaka mwisho, na iwe imetoka kwenye gari la gia za mkono. Mwenye duka akikuambia "zote za 3S zinaingiliana", nenda duka linalofuata.